Bungoma Ni Jina la Nani?

Leo hakuna video. Leo mtasoma, na mkichoka mpumzike halafu mrudi, kwa sababu hii haiingii kwa sekunde sitini.

Tuanze na swali dogo. Jina Bungoma limetoka wapi? Muulize mzee yeyote pale steji ya Kanduyi, atakupa jibu moja kati ya mawili. La kwanza ni ngoma, ati hapa palikuwa mahali pa kupigia ngoma. La pili ni Wabong'omek, kundi dogo la Wasabaot waliokuwa wakiishi huku chini kabla sisi Wabukusu hatujajaa. Mimi niko upande wa jibu la pili, na sababu yangu nitaitoa baadaye. Sasa ongeza mlima. Sisi tunauita Masaba, lakini kwenye ramani ni Elgon, na wengi husema jina hilo limetoka kwa Elkony, Wasabaot wengine ambao walikuwa wakiishi mpaka ndani ya mapango kule juu. Kwa hivyo kaunti imebeba jina la watu wachache, mlima umebeba jina la watu wachache, halafu ukianza kuwatafuta watu wenyewe kwenye ofisi zetu, utatafuta sana.

Nimeamua kuandika hii kwa sababu kuna neno limekuwa maarufu sana huku kwetu: utetezi. Kila shirika linataka kufundisha vijana wa jamii ndogo kuwa watetezi wa jamii zao. Ni jambo zuri, silipingi. Lakini mtetezi kijana anatengenezwaje hasa? Hapa kwetu kuna jibu la zaidi ya miaka mia, na sijawahi kuliona kwenye ratiba ya semina yoyote.

Jibu lenyewe linaanza na sisi, Wabukusu. Leo Bungoma sisi ndio wengi na tunatembea kama wenye nyumba. Lakini hebu rudi nyuma kidogo. Mwaka wa 1895 Waingereza, chini ya Hobley, walikuja na askari wa Kisudani na Waganda wakatuvunjia ngome ya Lumboka, kisha Chetambe, kule karibu na Webuye. Tulipigwa vibaya. Baada ya hapo mkoloni hakutupa hata heshima ya kutawaliwa na mtu wetu. Alituletea machifu kutoka kwa Wawanga, jamaa za Mumia. Murunga, ndugu yake Mumia, ndiye aliyekalia kiti cha Kimilili kwa miaka mingi. Hata jina hatukuwa nalo. Kwenye makaratasi ya serikali sisi tulikuwa "Kitosh", jina tulilobandikwa na watu wa nje na ambalo wazee walilichukia.

Sasa angalia waliofanya nini. Miaka ya 1930 vijana waliokuwa wamesoma kidogo katika shule za misheni, wakishirikiana na wafanyabiashara kama Pascal Nabwana wa Chwele, walianzisha Kitosh Education Society. Ukisikia jina hilo utadhani ni chama cha kamati ya shule tu. Shule ilikuwemo, ndio, lakini kazi yao kubwa ilikuwa barua. Waliandika barua kwa DC, barua kwa PC, malalamiko juu ya machifu wa kigeni, malalamiko juu ya ardhi, madai ya shule. Miaka ya 1940 ikaja Bukusu Union, kazi ileile. Machifu wa Kiwanga wakaondoka mmojammoja. Kufikia miaka ya 1950 jina Kitosh nalo likaanza kufutwa kwenye vitabu vya serikali na Bukusu likaandikwa. Hakuna aliyetufanyia hayo kwa huruma. Kulikuwa na watu waliojua kusoma, walikuwa na jambo maalum la kudai, na walikuwa na wazee waliowaambia mipaka iko wapi na nani alikaa wapi.

Najua mnangoja nimtaje Elijah Masinde, kwa sababu bila Masinde hii haitakuwa post ya Bungoma. Haya. Masinde kabla ya Dini ya Msambwa alikuwa mchezaji mpira. Mwaka wa 1930, akiwa kijana wa miaka kama ishirini, alichezea Kenya dhidi ya Uganda katika Kombe la Gossage. Miaka ya 1940 akakataa kazi za lazima, akasema wazungu waende, akapelekwa hospitali ya wagonjwa wa akili ya Mathari, akarudi bado anasema waende. Februari 1948 polisi walifyatulia umati risasi pale Malakisi na watu 11 wakafa. Masinde akahamishiwa Lamu, baadaye Marsabit. Kitu ambacho huwa hakisemwi sana ni kwamba Msambwa haikuwa ya Wabukusu peke yao. Ilikuwa na Wasabaot, na ilivuka mpaka kwa Wapokot. Kwa muda mfupi mlima ulikuwa na hasira moja.

Muda ulikuwa mfupi kweli. Mwaka wa 1960 ilipoundwa KADU, chama cha makabila madogo yaliyoogopa kumezwa na makubwa, makamu wa rais wake alikuwa Masinde Muliro wetu. Ndiye huyo uwanja wa Kanduyi umepewa jina lake, ule ambapo Madaraka Dei ya 2024 ilifanyiwa na nyinyi nyote mkapiga picha. Muliro alikuwa sauti ya walio wachache nchini. Lakini majimbo yalipoanza kuchorwa mwaka wa 1962, hao wachache wakagombana wenyewe kwa wenyewe juu ya Kitale. Wabukusu walitaka Kitale iwe Magharibi, Wakalenjin walitaka iwe Bonde la Ufa. Kitale ikaenda Bonde la Ufa. Wasabaot, wakiongozwa na Daniel Moss, walitaka kwenda Bonde la Ufa pamoja na ndugu zao Wakalenjin. Wakabakishwa Magharibi, pamoja nasi. Na Wasengwer, waliokuwa wakiwinda na kufuga nyuki katika nchi hiyo ya Kitale kabla mzungu hajaifanya mashamba ya mahindi? Wakubwa waligombania kitu chao kana kwamba hakina mwenyewe.

Hapo ndipo tulipovuka upande. Tuliingia miaka ya sitini tukiwa wachache wa Kenya na wengi wa Bungoma. Ndani ya wachache kuna wachache wengine, na ndani ya hao kuna wengine tena. Wasabaot ni wachache kwetu, lakini kule mlimani wao ndio wengi juu ya Waogiek. Sensa ya 2019 ilihesabu Waogiek 52,596 Kenya nzima, na wengi wao wako Mau, si huku. Wasengwer walikuwa 10,800. Nchi nzima tulikuwa milioni 47.6.

Sasa nipande mlima wenyewe, kwa sababu huko ndiko kuna funzo.

Waogiek wa Chepkitale wanaishi juu kabisa, kwenye nyasi za baridi zilizo juu ya msitu. Wakoloni waliwaita Dorobo, neno la Kimaasai la kumdharau mtu asiye na ng'ombe. Mwaka wa 1932 Tume ya Ardhi ya Carter ilipozunguka Kenya kusikiliza malalamiko, pendekezo lake kuhusu watu wa aina yao lilikuwa wapelekwe kwenye hifadhi za makabila makubwa yaliyofanana nao na wachanganyike humo. Soma tena hiyo. Tume ilitumwa kutatua shida ya ardhi, na jibu lake kwa wenye ardhi wadogo likawa ni waache kuwa wao. Mtu akikwambia jamii ndogo "zilijimaliza zenyewe", mwambie kuna ripoti.

Baadaye yakaja ya serikali yetu. Mwaka wa 1968 sehemu ya mlima ikawa mbuga ya taifa. Kuanzia 1971 watu wa Chepkitale wakaanza kuhamishiwa chini, Chebyuk, kwenye mashamba ya makazi. Lakini Chebyuk kulikuwa tayari na Wasabaot wengine, na kila awamu ya kugawa mashamba, ya kwanza, ya pili, ya tatu, ilileta orodha mpya na majina mapya. Aliyekuwa na shamba jana leo hana. Aliyekuwa na barua ya mgao anakuta mwenzake ana barua ya shamba hilohilo. Halafu Juni 2000 Chepkitale kwenyewe, kule juu walikotoka, kukatangazwa kuwa hifadhi ya wanyama. Kwa hivyo chini kuna ugomvi na juu ni marufuku.

Kijana aliyezaliwa hapo katikati afanye nini?

Mwaka wa 2006 wengine walipata jibu la kwanza: bunduki. Sabaot Land Defence Force, chini ya Wycliffe Matakwei, ilianza kama jeshi la kutetea mashamba ya Chebyuk. Nataka mlione neno hilo, kutetea. Hao pia walijiita watetezi. Walitoza watu kodi, wakakata watu masikio, wakabaka, wakaua. Shirika la Human Rights Watch liliripoti Julai 2008 kwamba zaidi ya watu 600 waliuawa na kundi hilo. Machi 2008 jeshi likapanda na Operesheni Okoa Maisha, na maelfu ya wanaume na wavulana wakakusanywa na wengi wakateswa kambini. Wengine hawajarudi hadi leo, na wake zao si wajane wala si wake. Matakwei aliuawa Mei 2008. Mimi nilikuwa mtoto mdogo sana, lakini kila mtu wa rika langu kutoka Cheptais au Kopsiro ana jina la mtu nyumbani ambalo halitajwi mezani.

Jibu la pili lilianza mwaka huohuo wa 2008, na halikutangazwa kwenye taarifa ya saa moja. Wakati mlima umejaa askari, Waogiek wa Chepkitale walipeleka serikali mahakamani. Hawakupeleka shamba la mtu mmoja. Walipeleka swali: mliwezaje kugeuza ardhi yetu ya mababu kuwa hifadhi ya wanyama bila sisi? Chama chao, Chepkitale Indigenous Peoples Development Project, kikiwa na watu kama Peter Kitelo, kikafanya kazi ambayo kwa kamera ingekuwa ya kuchosha kabisa. Walikaa na wazee wakaandika nani alikaa wapi, ukoo gani ulichunga wapi, mpaka ni mto gani. Wakachora ramani. Wakachimbua makaratasi ya ukoloni. Wakaandika sheria zao za kimila za kutunza msitu, na katika hizo kuchoma makaa ni marufuku. Vijana wao wakawa walinzi, wanakamata wachoma makaa na kuwapeleka kwa serikali ileile iliyowaita waharibifu.

Tarehe 26 Septemba 2022 Mahakama ya Mazingira na Ardhi, hapa hapa Bungoma, ikaamua kwamba Chepkitale ni ardhi yao ya mababu na kwamba kuigeuza kuwa hifadhi mwaka wa 2000 kulikiuka haki zao. Miaka kumi na minne. Aliyezaliwa siku kesi inapelekwa alikuwa sekondari siku ya hukumu. Na ilitokea kilomita chache kutoka hapa ninapoandika, wiki ambayo sisi Kanduyi tulikuwa bado tunajadili uchaguzi wa Agosti.

Sisemi Waogiek ni malaika na Wasabaot wengine ni majambazi. Wengi waliouawa na SLDF walikuwa Wasabaot, na vijana waliobeba bunduki walikuwa na malalamiko ya kweli. Orodha za Chebyuk zilikuwa na uozo kweli. Ninachosema ni kwamba mlima mmoja, shida moja ya ardhi, miaka ileile, ulizaa vijana wa aina mbili, na tofauti yao haikuwa ujasiri. Waliobeba bunduki walikuwa na ujasiri wa kutosha na kubaki. Tofauti ni kwamba wengine walipewa faili. Kulikuwa na mzee aliyekumbuka, karatasi iliyothibitisha, na mtu mzima aliyemwambia kijana kaa hapa, andika.

Si hadithi ya mlima wetu peke yake. Waogiek wa Mau walifika Mahakama ya Afrika kule Arusha, wakashinda tarehe 26 Mei 2017, na Juni 2022 serikali ikaamriwa iwalipe fidia ya shilingi milioni 157.85. Upande wa Kitale, Wasengwer walipeleka malalamiko kwa jopo la ukaguzi la Benki ya Dunia mwaka wa 2013, na kwa miaka wakaendelea kuandikia kila mtu juu ya kuchomewa nyumba katika msitu wa Embobut. Januari 2018 Robert Kirotich, mfugaji wa Kisengwer, alipopigwa risasi na kufa katika operesheni ya kuwafukuza msituni, Umoja wa Ulaya ulisimamisha fedha za mradi wa maji siku iliyofuata. Siku moja! Watu wakashangaa Ulaya imekuwaje na haraka hivyo. Haraka ilitoka kwa barua za miaka iliyotangulia. Faili lilikuwa mezani tayari, lilikosa ukurasa mmoja tu, na ukurasa huo ukaandikwa kwa damu ya mtu.

Kwale Wamakonde walitembea kwa miguu mpaka karibu na Ikulu mwezi Oktoba 2016, na mapema 2017 wakaanza kupewa vitambulisho. Watu hukumbuka matembezi. Mimi nakumbuka kwamba kabla ya kutembea walikuwa wamejihesabu, nyumba kwa nyumba.

Sasa tuje kwenye semina.

Mwaka jana niliajiriwa kupiga picha katika mafunzo ya siku tatu ya vijana wa jamii ndogo, hoteli moja hapa mjini. Sitaitaja hoteli wala shirika. Kulikuwa na fulana, kulikuwa na samosa za saa nne, kulikuwa na posho ya nauli, na mimi sina ubaya na posho, nimeacha chuo mwaka wa pili kwa sababu ya karo na najua bei ya kila kitu. Siku ya kwanza walifundishwa kujiamini. Siku ya pili walifundishwa kujiamini mbele ya kamera. Mchana wa siku ya pili msichana mmoja kutoka upande wa Kopsiro akainua mkono. Akasema: "Ile hukumu ya Chepkitale, mimi naweza kuipata wapi niisome? Na nikiisoma, nikitaka kujua imetekelezwa kiasi gani, namuuliza nani?" Mwezeshaji akatabasamu, akamshukuru kwa swali zuri, akaliandika kwenye ile karatasi kubwa ya ukutani ya maswali ya baadaye. Baadaye haikufika. Siku ya tatu tulipiga picha ya pamoja na ile karatasi iko nyuma yao, unaweza kusoma swali lake juu ya bega la mtu. Ndiyo picha bora niliyopiga siku hizo tatu, na ndiyo hawakuitumia.

Msichana yule hakuhitaji kujiamini. Alihitaji hukumu.

Na si kwamba vitu hivi vimefichwa. Katiba ya 2010, kifungu cha 56, inaitaka serikali iweke mipango ya kuhakikisha jamii ndogo na zilizotengwa zinashiriki katika uongozi, zinapata elimu, kazi, maji na afya, na zinakuza lugha zao. Kifungu cha 63 kinaitambua ardhi ya mababu ya jamii za wawindaji kuwa ardhi ya jamii. Sheria ya Serikali za Kaunti, sehemu ya 65, inataka angalau asilimia 30 ya nafasi za kazi za kuanzia katika kaunti ziende kwa watu wasio wa kabila kubwa la kaunti hiyo. Kwa Bungoma maana yake ni sisi, Wabukusu, tusichukue zote. Na Sheria ya Kupata Habari ya 2016 inampa raia yeyote haki ya kuuliza ofisi ya umma, na ofisi ina siku 21 za kujibu.

Ukiziunganisha hizo mbili za mwisho una kazi ya utetezi ya kijana mmoja, karatasi moja, bila hoteli. Nafasi ngapi za kuanzia zilijazwa mwaka uliopita? Ngapi zilienda nje ya kabila kubwa? Weka tarehe, peleka nakala mbili, moja igongwe muhuri ubaki nayo, anza kuhesabu siku. Wakijibu, una takwimu. Wakinyamaza, una muhuri na tarehe, na hiyo ni kurasa ya kwanza ya malalamiko kwa Tume ya Haki ya Utawala. Nabwana na wenzake hawakuwa na sheria hata moja ya hizi na bado waliandika.

Kuna watakaosema huu ni ukabila, kuhesabu nani ameajiriwa wapi. Nimeshaambiwa. Jibu langu ni kwamba kuhesabu tayari kunafanyika. MCA anahesabu, mwenye zabuni anahesabu, kila mtu katika ile foleni ya kazi anasikiliza jina lako la pili. Wanaokatazwa kuhesabu ni wale wadogo tu. Na sisi wa Kanduyi tunaosema "sote ni ndugu", ni rahisi kusema hivyo ukiwa ndiye ndugu mkubwa.

Pia kuna jambo la kuwasemea. Mimi mwenyewe nina watu wanaonifuata na wengi wangependa nifanye video kumi juu ya Waogiek nikiwa nimevaa ngozi. Hapana. Kazi ya mtu wa jamii kubwa kwenye jambo hili ni ndogo na haina sifa: kumpeleka mtu kwa ofisi anayoijua, kuprinti, kukopesha vifaa, kukaa kimya kwenye kikao ambacho ungeweza kuongea. Na kuwaambia wajomba zako ukweli kwenye matanga, hapo ndipo pagumu.

Nilisema nitatoa sababu yangu ya kuamini jina Bungoma ni la Wabong'omek. Kukhu, mamake baba, alikuwa wa kwao. Aliolewa kwa Wabukusu akiwa msichana, akazaa Wabukusu, akazikwa kama Mbukusu, na watoto wake wote walifundishwa Lubukusu. Lugha yake aliitumia mahali pawili tu: akihesabu kuku jioni na akikasirika. Sisi wajukuu tulidhani ni maneno aliyojitungia. Nilipomuuliza siku moja, nikiwa darasa la sita, kwa nini hakumfundisha baba, alisema wakati huo ukiongea hivyo sokoni watu wanacheka, na mtoto hawezi kula kicheko. Sensa ya 2019 mhesabuji alipokuja kwetu hakumuuliza. Alimwangalia baba, akaandika nyumba nzima mara moja.

Kwa hivyo tume ya Carter ilipata ilichotaka, angalau kwetu. Hakuna aliyekuja na bunduki. Tulichekwa tu mpaka ikatosha.

Na ndio maana sikubali utetezi uanzie kwenye kujiamini. Kukhu alijiamini kuliko wote ninaowajua. Aliwahi kumfukuza karani wa ushuru na mwiko. Kilichokosekana ni mtu wa kuandika alichokuwa anajua. Mito aliyoitaja, majina ya mahali kabla hapajawa Kanduyi, nani alipewa shamba la nani. Yote yamezikwa. Huko juu Chepkitale wenzao waliandika, na mahakama ikakubali kumbukumbu za wazee kuwa ushahidi. Wazee wa namna hiyo bado wako, Kapsokwony, Kaptama, Kapolet, hata hapa mjini nyuma ya soko, na wengi wamepita miaka themanini.

Yule msichana wa Kopsiro tulibadilishana namba siku ile ya picha. Hukumu tuliipata, na haikuhitaji semina, inasomeka bure kwenye intaneti. Ni ndefu na ni ya Kiingereza cha mahakama. Ameanza kuisoma kwa sauti kwa Kisabaot, anaeleza aya kwa aya, anarekodi kwa simu usiku watoto wakilala, halafu anamtumia babu yake asikilize kama ametafsiri vizuri neno la mpaka. Babu amemrudisha mara tatu kwenye neno hilo moja. Sehemu ya kwanza ina dakika saba. Nimemkopesha maikrofoni yangu mpaka Agosti, kwa hivyo video zangu zikiwa na kelele za upepo miezi hii, vumilieni.